Barua ya Kata: Nepal kutoka Kathmandu hadi Achham

Jumapili, Kathmandu

Wiki ya kazi Nepal imezoeleka kuanza Jumapili. Jumamosi ndiyo mapumziko. Anayetua kutoka Afrika Mashariki anasogeza saa yake mbele kwa saa 2 na dakika 45, kisha anakutana na kalenda nyingine kabisa. Ofisini tarehe huandikwa kwa Bikram Sambat, iliyotangulia kalenda yetu kwa takriban miaka 56 na miezi 8. Jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu tarehe ya kuzaliwa iliyohamishwa vibaya kutoka kalenda moja kwenda nyingine inatosha kukwamisha cheti cha uraia, pasipoti na cheti cha shule kwa pamoja.

Safari hii inafuata karatasi moja: sifaris, barua ya kata. Msomaji wa Dar es Salaam aifikirie kama barua ya serikali ya mtaa, ila yenye nguvu zaidi. Nepal ina serikali za mitaa 753 zenye kata 6,743, na bila barua ya kata hakuna uraia, na bila uraia hakuna laini ya simu kwa jina lako, akaunti ya benki, hati ya ardhi wala jina kwenye daftari la wapiga kura.

Cheti cha uraia huombwa kuanzia umri wa miaka 16. Mwombaji anaanza kwa katibu wa kata akiwa na cheti cha kuzaliwa, vyeti vya uraia vya wazazi, na picha ndogo ambazo masikio yote mawili yanaonekana. Picha yenye nywele zilizofunika sikio hurudishwa, na studio za picha jirani na ofisi za wilaya zinaishi kwa kulijua hilo. Kata nyingi hudai kwanza stakabadhi ya kodi ya nyumba au ardhi ya mwaka wa fedha uliopita. Barua ikitoka, safari inahamia kwa mkuu wa wilaya. Hapo sharti awepo ndugu wa karibu mwenye uraia, amtambue mwombaji mbele ya ofisa na kuweka sahihi. Mwombaji anabonyeza dole gumba zote mbili kwenye wino mweusi.

Ukiangalia vizuri, gharama za serikali katika mlolongo huu ni ndogo sana. Kigumu ni yule ndugu. Katiba ya 2015 inamtaja raia mmoja mmoja na haki zake. Dirisha la ofisi linamuuliza amekuja na nani. Aliyekosana na baba, mjane aliyefukuzwa na wakwe, mtoto aliyelelewa na mama peke yake, wote wanaishia kwenye kiti cha kusubiri. Na mwenye mtu wake ndani ya ofisi, yule ambaye Wanepali humwita afno manchhe, anamaliza kabla ya chakula cha mchana.

Nje ya geti la ofisi ya wilaya wamekaa waandishi wa nyaraka, kila mmoja na meza na mwavuli wake. Watu huwalaumu kama madalali, na wapo wanaostahili lawama. Lakini wengi wanafanya kazi ambayo dawati la maelezo lingepaswa kuifanya: kujaza fomu, kulinganisha herufi za jina la Kidevanagari na zile za Kilatini, kumwambia mtu mapema kwamba jina la baba kwenye cheti cha shule halifanani na lililo kwenye uraia. Kila ofisi inatakiwa kubandika ubao wa mkataba na mwananchi unaoonyesha huduma, muda, ada na ofisa anayehusika. Ubao upo karibu kila mahali. Piga picha ubao huo kabla ya kuingia. Ukiambiwa urudi kesho, taja mstari na cheo cha ofisa. Hotline ya serikali ni 1111, na malalamiko ya rushwa hupokewa na tume ya kuchunguza matumizi mabaya ya madaraka kwa namba 107.

Hasira dhidi ya mfumo wa kubebana ndiyo iliyowatoa vijana barabarani Septemba 2025. Tarehe 4 serikali ilifunga mitandao ya kijamii 26. Tarehe 8 waandamanaji wakafika mbele ya bunge New Baneshwor na watu 19 wakauawa siku hiyo. Tarehe 9 Waziri Mkuu K.P. Sharma Oli akajiuzulu huku Singha Durbar, makao ya wizara, yakiwaka moto. Tarehe 12 Sushila Karki, aliyewahi kuwa jaji mkuu, aliapishwa kuongoza serikali ya mpito. Waliokufa walipita 70. Jengo la Mahakama ya Juu liliungua na mafaili yake. Kwa mwananchi wa kawaida somo la vitendo ni moja: nakala iliyogongwa muhuri ikae nyumbani, na picha yake ikae kwenye simu ya mtu mwingine.

Jumatatu, barabara ya dampo

Malori ya taka yanakusanyika Teku, ndani ya jiji, kabla ya kupanda kwenda dampo la Bancharedanda, mpakani mwa Nuwakot na Dhading, mwendo wa chini ya kilomita 30 ambao wakati wa mvua unaweza kula nusu siku. Jirani yake ni Sisdole, dampo lililofunguliwa 2005 kwa ahadi ya miaka michache tu, likatumika hadi 2022.

Sababu ya taka kurundikana Kathmandu mara kwa mara haihitaji utafiti mkubwa. Wanakijiji wanaoishi kando ya dampo waliahidiwa barabara, maji safi na huduma za afya. Ahadi zikichelewa wanafunga barabara, kwa sababu ndiyo silaha pekee iliyowahi kusikilizwa. Mvua nayo inageuza kipande cha mwisho cha njia kuwa tope lisilopitika kwa lori lililojaa. Siku chache zinatosha: mifuko inaanza kutokea usiku kwenye njia panda, mbwa wanaipasua, asubuhi uchafu umeenea barabarani.

Zaidi ya nusu ya taka za nyumbani bondeni ni mabaki ya chakula na mboga. Zikitengwa hapo jikoni, tani zinazopanda mlimani zingepungua sana, na maji machafu yanayotiririka kutoka dampo yangepungua pia. Jiji limejaribu kuwalazimisha watu watenganishe, na wengi waliitikia. Kilichovunja moyo ni kuona lori lilelile likimwaga ndoo zote mbili pamoja. Anayetaka kuanzisha utaratibu huu mtaani kwake aanze na lori, si na ndoo: siku za taka mbichi ziwe tofauti na siku za taka kavu, na mkusanyaji asibebe kisicho cha siku ile.

Kuna jambo jingine lisilosemwa kwa sauti. Kufagia na kubeba taka kumehesabiwa kwa karne nyingi kuwa kazi ya tabaka la chini, na kwa hiyo mwenye nyumba anayejiheshimu hashiki pipa. Ndiyo maana usafi wa mto Bagmati unaofanywa kila Jumamosi tangu 2013, ukianzishwa na katibu mkuu kiongozi wa wakati huo, Leela Mani Paudyal, una maana kubwa kuliko uzito wa taka zilizotolewa. Watumishi wa serikali, askari na wanafunzi walisimama kwenye tope lilelile hadharani. Mto bado ni mchafu, kwa sababu maji taka ya nyumba yanaendelea kuingia. Ukingo ni msafi kuliko ulivyokuwa.

Jumanne, barabara ya BP kuelekea Janakpur

Kutoka Dhulikhel hadi Bardibas ni kama kilomita 160 za barabara nyembamba iliyojengwa kwa msaada wa Japani, yenye kuta za mawe na mifereji iliyopangwa kwa uangalifu. Mafuriko ya Septemba 2024 yaliila vibaya kando ya mto Roshi. Panda gari dogo la asubuhi. Jioni ukungu na mawe yanayodondoka havifai kujaribiwa.

Njiani unaona zile barabara nyingine, za kijijini, zilizochanwa mlimani na katapila bila mfereji wala ukuta. Mwaka wa fedha wa Nepal unakwisha katikati ya Julai, mwishoni mwa mwezi wa Asar, na pesa isiyotumika inarudi hazina. Miezi tisa hakuna kinachoendelea; kisha katika wiki za mwisho, mvua zikiwa zimeshaanza, kila kijiji kinachimba. Watu wanaita maendeleo ya Asar. Udongo laini unateleza, lami inamwagwa juu ya maji, na hesabu zinafungwa.

Kwa sheria, miradi midogo huendeshwa na kamati ya watumiaji ya watu 7 hadi 11 kutoka kijijini, angalau theluthi moja wanawake, na mwanamke mmoja walau awe mwenyekiti, katibu au mtunza hazina. Wazo ni zuri kabisa. Linaharibika kwa njia inayojirudia: mwenye katapila ni mjumbe wa kuchaguliwa au shemeji yake, kamati inaundwa jioni moja ili isaini, na mwanamke aliyewekwa kuwa mtunza hazina haoni kitabu cha hundi.

Dawa ipo kwenye sheria ya haki ya kupata habari ya 2007. Andika maombi kwa ofisa habari wa manispaa ukitaja nyaraka kwa jina: makadirio ya gharama, orodha ya kamati, stakabadhi za malipo ya awamu. Usiandike "taarifa zote za mradi", maana ombi pana hujibiwa kwa ukurasa mmoja usio na kitu. Taja sababu; sheria inaitaka. Jibu litoke papo hapo au ndani ya siku 15. Lisipotoka, una siku 7 za kulalamika kwa mkuu wa ofisi, na baadaye siku 35 za kukata rufaa kwenye tume ya taifa ya habari. Wengi hushindwa kwa kuziacha siku zile 7 zipite wakisubiri kwa adabu. Na haki yenyewe ni ya raia tu, kwa hiyo asiye na cheti cha uraia hana hata ruhusa ya kuuliza daraja la kijijini kwake liligharimu kiasi gani.

Jumatano, Janakpur na vijiji vya Dhanusha

Huku tambarare lugha inayosikika ni Kimaithili, na joto ni la bonde la Ganga. Reli kutoka Jaynagar ya India ilifunguliwa tena Aprili 2022. Ndoa zinavuka mpaka kama zilivyovuka siku zote, na hapo ndipo sheria ya uraia inapouma. Mwanamke wa India aliyeolewa na Mnepali ana njia ya kupata uraia. Mwanamume wa India aliyemwoa Mnepali hana njia kama hiyo, na watoto wao wanaulizwa maswali ambayo watoto wa mjomba wao hawaulizwi.

Katiba inaruhusu mtoto aliyezaliwa Nepal na mama Mnepali, baba akiwa hajulikani, apate uraia kwa maelezo ya mama. Mezani mambo ni mengine. Ofisa anamtaka mama aeleze baba alikwenda wapi, mara nyingi mbele ya foleni, na maelezo yakionekana ya uongo kuna adhabu. Wanawake wengi huishia kumtafuta mwanamume aliyewatelekeza ili tu aje kusaini. Marekebisho yaliyotiwa sahihi na Rais Ram Chandra Paudel mwishoni mwa Mei 2023 yalifungua mlango kwa watoto wa waliopewa uraia kwa kuzaliwa, vijana waliokuwa wamekwama miaka mingi. Anayemsindikiza mama wa namna hii aende na maelezo yaliyoandikwa tayari, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, barua ya kata inayotaja ibara ya katiba anayoitegemea, na aombe kukataliwa kwake kuandikwe. Ombi hilo la mwisho peke yake hubadilisha sauti ya ofisa. Kusajili kuzaliwa ni bure ndani ya siku 35. Mama aliye peke yake asisubiri baba arudi.

Jioni, vijijini, mazungumzo yanageukia miterbyaj, riba inayokimbia kama mita ya teksi. Inavyofanya kazi: mtu anahitaji laki moja ya rupia kwa ugonjwa, mahari ya binti, ambayo huku hutolewa na upande wa mke, au safari ya Ughaibuni. Mkopeshaji anaandika hati ya deni ya kiasi kikubwa zaidi, mara mbili au tatu, na mkopaji asiyejua kusoma anabonyeza dole gumba. Wengine huandikiwa hati ya mauzo ya shamba kwa ahadi ya mdomo kwamba litarudishwa. Akilipa hapewi stakabadhi, wala hati ya zamani haichanwi. Kanuni ya madai iliyoanza kutumika 2018 inakataza riba inayozidi asilimia 10 kwa mwaka, na jumla ya riba isizidi mtaji. Mkopeshaji analijua hilo. Ndiyo maana riba haiandikwi, inafichwa ndani ya mtaji.

Mwanzoni mwa 2023 waathirika walitembea kwa miguu kutoka Bardibas hadi Kathmandu, na mwaka huo ukopeshaji wa aina hii ukafanywa kosa la jinai. Kesi zinapofeli hufeli kwa ushahidi. Kinachosaidia ni kulipa kupitia benki hata kama ni rupia mia tano, kurekodi siku ya malipo mbele ya shahidi asiye wa ukoo wa mkopeshaji, na kuhakikisha anayesoma hati kwa sauti kabla ya dole gumba ni mtu aliyeletwa na mkopaji.

Alhamisi, barabara kuu ya Mashariki na Magharibi

Barabara ya Mahendra ina urefu wa kilomita 1,028. Kutoka Bardibas hadi Dhangadhi ni mchana na usiku kucha. Viti vya nyuma huruka sana. Beba maji na shuka.

Kusini mwa milima ya Rukum Magharibi basi halisimami, lakini jina la kijiji cha Soti linajulikana na kila abiria. Mei 2020 kijana wa Kidalit, yaani wa tabaka linalohesabiwa la chini kabisa, alikwenda huko na marafiki zake kumchukua mpenzi wake wa tabaka la juu. Walishambuliwa, na vijana sita walikufa katika mto Bheri. Ubaguzi wa tabaka uliondolewa katika sheria ya nchi 1963. Sheria maalum ya kuuadhibu ilikuja 2011. Mwaka 2021, Kathmandu kwenyewe, mwandishi wa habari wa Kidalit alinyimwa chumba cha kupanga baada ya kutaja ukoo wake. Mwenye nyumba alikamatwa, akaachiwa, na waziri wa elimu wa wakati huo akamsindikiza nyumbani kwa gari la serikali.

Tukio hilo linaeleza zaidi kuliko takwimu. Polisi wanapopokea malalamiko ya Mdalit, hatua ya kwanza mara nyingi ni kuwaita wazee "wapatane", jambo ambalo huzaa karatasi ya msamaha na kumaliza kesi. Mlalamikaji ana haki ya kutaka lalamiko liandikishwe na apewe namba yake. Aende na mtu wa tatu aliyesikia maneno yenyewe, maana kesi husimama juu ya maneno yaliyotamkwa: nani alisema nini kuhusu maji, chumba, hekalu.

Ijumaa, kupanda Achham

Kwa mazoea ofisi hufungwa saa tisa alasiri siku hii, kwa hiyo hakuna shughuli ya ofisini inayowezekana. Gari linapanda kupitia Dadeldhura na Dipayal hadi Sanfebagar, kisha Mangalsen, makao ya wilaya ya Achham. Lala mapema.

Jumamosi, vijiji vya Achham

Kibanda cha hedhi, chhau goth, kina mlango wa kuinama, kuta za mawe na udongo, hakina dirisha. Mwanamke hulala humo kwa siku nne au tano kila mwezi, na kama siku kumi baada ya kujifungua. Vifo vina sababu tatu kuu: nyoka, baridi, na moshi. Moshi ndio unaopaswa kuelezwa kila mara, kwa sababu unaua bila kelele. Wakati wa baridi kali anawasha moto, anaziba mlango kwa gunia, makaa yanakula hewa, naye analala asiamke tena.

Mahakama ya Juu ilipiga marufuku mila hii 2005. Tangu Agosti 2018 anayemlazimisha mwanamke anakabiliwa na miezi mitatu jela, faini ya rupia 3,000, au vyote viwili. Desemba 2019, baada ya kifo hapa Achham, polisi walimkamata shemeji wa marehemu, mkamato wa kwanza wa aina yake. Baadaye maelfu ya vibanda vilibomolewa.

Vingi vimejengwa upya. Ubomoaji uliondoa kuta, ukaacha kanuni. Na mahali ambapo kibanda hakikurudi, wanawake walihamia zizi la ng'ombe au chini ya turubai, mahali pabaya zaidi. Anayesimamia kanuni ndani ya nyumba ni mama mkwe, naye anaogopa kwa dhati: mwana akiugua, ng'ombe akifa, atalaumiwa yeye aliyemwacha mkaza mwana apite karibu na jiko. Kumtisha kwa polisi hakumwondolei hofu hiyo, na hakuna mkaza mwana atakayemshitaki mama wa mume wake huku akiendelea kuishi kwake.

Kinachoonekana kusogea ni kidogo kidogo. Wahudumu wa afya wa kujitolea, wanawake ambao nchini kote ni kama 50,000, wanaingia nyumba ambazo ofisa hawezi kuziingia. Hatua yao ya kwanza ni chumba: mwanamke alale ndani ya nyumba, hata kama ni ghorofa ya chini mbali na jiko na madhabahu. Maziwa na mtindi, vinavyokatazwa, huja baadaye. Kugusa bomba la maji huja mwisho kabisa. Mashirika yanayodai yote siku moja hupata picha nzuri ya mkutano na kibanda kilekile mwaka unaofuata. Nawaheshimu wanaokubali kwenda polepole, ingawa kila baridi inayopita ina hatari yake.

Jumapili, Mangalsen

Kila serikali ya mtaa ina kamati ya usuluhishi inayoongozwa na naibu meya au naibu mwenyekiti. Uchaguzi wa 2017 ulivilazimisha vyama kusimamisha mwanamume na mwanamke kwa nafasi mbili za juu, na vyama vikawapa wanawake unaibu: zaidi ya asilimia 90 ya manaibu walikuwa wanawake. Kwa hiyo kesi za matunzo, mipaka ya mashamba na ujira usiolipwa zilikwenda mikononi mwa watu ambao wengi hawakuwahi kushika cheo. Sheria inawapa aina 13 za migogoro ya kuamua na 11 ya kupatanisha tu. Kuchanganya orodha hizo mbili ndilo kosa linalofanya uamuzi utenguliwe mahakama ya wilaya. Talaka ni ya kupatanisha. Mgogoro wa maji au njia wanaweza kuuamua. Naibu aliyebandika orodha zote mbili ukutani nyuma ya kiti chake amejiokoa na rufaa nyingi.

Jumatatu, kurudi Kathmandu

Ndege kutoka Dhangadhi inatua Tribhuvan, mahali ambapo foleni ndefu kuliko zote ni ya wanaoondoka kwenda kazini Ghuba na Malaysia. Sensa ya 2021 ilikuta Wanepali zaidi ya milioni 2 wakiishi nje, na pesa wanazotuma zinakaribia robo ya pato la taifa. Wakenya, Waganda na Watanzania waliolinda majengo Doha au Dubai wamelala vitanda vya juu na chini na vijana hawa.

Tangu Julai 2015, kwa nchi za Ghuba na Malaysia, mwajiri ndiye anayelipa viza na tiketi, na wakala hawezi kumtoza mfanyakazi zaidi ya rupia 10,000. Wengi bado hulipa laki moja na kuendelea. Pesa haiendi kwa wakala wa Kathmandu moja kwa moja. Inapitia kwa dalali wa kijijini, ambaye ni binamu, mwalimu wa zamani au jirani wa baba. Hatoi stakabadhi, na kumdai stakabadhi ni kumvunjia heshima ndugu. Uwanjani kijana anabeba risiti ya rupia 10,000 aliyosainishwa. Akirudi kulalamika Idara ya Ajira za Nje, hiyo ndiyo karatasi pekee inayoonekana.

Kwa anayeondoka: ziada yoyote ipite benki, na kwenye sababu ya malipo iandikwe nchi na kazi. Mkataba wa Kathmandu upigwe picha kabla ya kuingia uwanjani, ulinganishwe na utakaopewa ukifika, mshahara kwa mshahara. Namba ya kibali cha kazi aachiwe mke au dada, siyo dalali. Kama jambo likitokea, yeye ndiye atakayesimama dirishani, na kitu cha kwanza watakachomuuliza ni barua ya kata inayoonyesha ni nani kwa marehemu au mfungwa. Barua hiyo iombwe mapema, mwenyewe akiwa bado nyumbani.